Diski Moja, Mifumo Mingi: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Voliumu za Pamoja kwenye z/OS

Ilikuwa saa nane na nusu usiku. Nilikuwa nimemaliza tu kuandaa diski moja kwa ajili ya mfumo wa majaribio, simu ikalia: mfumo unaohudumia wateja umeanza kusema dataseti zake, yaani faili zake, hazipo. Nikatazama namba ya kifaa walichonitajia. Ilikuwa ile ile niliyoifuta dakika tano zilizopita.

Kwenye konsoli yangu diski ile ilikuwa OFFLINE, na nilikuwa nimehakikisha mara mbili. Lakini niliuliza mfumo mmoja tu, ule niliokaa mbele yake. Mfumo wa pili, uliokuwa kwenye mashine ile ile, ulikuwa unaitumia diski hiyo kwa nguvu zote. Tuliirudisha kutoka kwenye chelezo, na kazi zilizofanyika baada ya chelezo zikarudiwa moja moja hadi asubuhi. Tangu usiku ule sigusi voliumu ya pamoja, yaani diski inayoonwa na mifumo zaidi ya mmoja, kabla sijajua kila mfumo unaoiona unasema nini kuhusu diski hiyo. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayeanza kusimamia hifadhi kwenye meinfremu za IBM zinazoendesha z/OS, au opereta anayetaka kuelewa kwa nini watu wa hifadhi huuliza maswali mengi kabla ya kuandika amri moja. Namba za vifaa na majina ya voliumu humu ni ya mfano. Weka ya kwako.

Diski yenyewe ina nini

Katika z/OS karibu kila voliumu leo hujifanya kuwa diski ya aina ya 3390, hata kama nyuma yake kuna kabati la kisasa lisilo na sahani inayozunguka. Vipimo ni vile vile: traki moja ya 3390 hubeba hadi baiti 56,664, silinda moja ina traki 15, yaani baiti 849,960. Modeli ya 3 ina silinda 3,339, takriban gigabaiti 2.8. Modeli ya 9 ina silinda 10,017, takriban gigabaiti 8.5. Ile ya silinda 65,520 hufika karibu gigabaiti 56, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mwisho. Voliumu kubwa zilizokuja na z/OS 1.10 zilivuka mpaka huo, na sasa moja inaweza kufika silinda 1,182,006, karibu terabaiti moja.

Vitu vitatu ndani ya diski ndivyo vinavyoharibika mifumo isipoelewana.

Cha kwanza ni lebo, iliyo kwenye traki ya kwanza kabisa. Hubeba jina la voliumu, herufi sita kwa wingi, pamoja na anwani ya VTOC. Cha pili ni VTOC yenyewe, daftari linaloonyesha kila dataseti imekaa silinda gani hadi gani, likisaidiwa na fahirisi yake. Cha tatu ni VVDS, dataseti ndogo yenye jina kama SYS1.VVDS.VTUM001, inayobeba habari za dataseti za VSAM, mpangilio maalumu wa faili wa z/OS, na za zile zinazosimamiwa na SMS, sehemu ya z/OS inayochagua mahali pa kuweka dataseti. Mifumo miwili ikiandika kwenye VTOC kwa wakati mmoja bila kuzuiana, kila mmoja unaweza kuona nafasi ile ile iko wazi na kuigawa. Hakuna kengele itakayolia hapo hapo. Utagundua siku ambayo ripoti ya mishahara itakuwa na rekodi za bima katikati.

Nani anamzuia nani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupita haraka.

Njia ya zamani ni RESERVE. Mfumo unaiambia kontrola ya diski: nishikie diski hii. Tangu hapo hadi itakapotolewa RELEASE, mfumo mwingine wowote unaojaribu kusoma au kuandika chochote kwenye voliumu hiyo husubiri. Inafunga nyumba nzima kwa sababu ya mtu mmoja anayebadilisha shati chumbani. Kwa voliumu ndogo za zamani ilivumilika. Kwa voliumu ya terabaiti yenye maelfu ya dataseti, kila kazi inasimama kwa sababu mtu mmoja anaongeza jina moja kwenye VTOC.

RESERVE ina hatari nyingine tena. Mfumo wa SYSA umeshika TUM001 na sasa unataka TUM002. SYSB umeshika TUM002 na unataka TUM001. Wote wawili watasubiriana hadi mtu aje.

Njia ya pili ni ENQ, yaani ombi la kufuli, inayosimamiwa na GRS, sehemu ya z/OS inayopeleka habari za makufuli kwa mifumo yote iliyo kwenye kundi moja. Hapa kinachofungwa ni jina la rasilimali, si diski. Jina lina sehemu mbili: jina kuu kama SYSVTOC, na jina dogo ambalo kwa VTOC ni jina la voliumu. Anayetaka VTOC ya TUM001 anasubiri. Anayesoma dataseti yake kwenye TUM001 anaendelea na kazi.

GRS ikiwepo lakini hujaiambia chochote kuhusu RESERVE fulani, inafanya yote mawili: inachukua ENQ ya kundi zima na bado inashika diski. Umelipa gharama mara mbili. Ndiyo maana kuna orodha ya kugeuza, ambayo tutaifikia.

Jambo hili likuingie sana: DISP=OLD (ombi la kutumia dataseti peke yako) kwenye JCL yako, maandishi ya kuendeshea kazi, inalindwa na ENQ ya jina SYSDSN. Ulinzi huo unaishia pale GRS inapoishia. Mfumo ulio nje ya kundi, hata ukiiona diski ile ile, hausikii DISP=OLD yako kamwe.

Hatua ya 1: Chora ramani kabla ya kugusa kitu

Chukua karatasi au jedwali. Kwa kila kundi la vifaa andika namba za kifaa, jina la voliumu, mifumo yote yenye njia ya kufika pale, na kama mfumo huo uko ndani ya kundi la GRS au nje. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya thamani kuliko zote. Mfumo wa majaribio ya matoleo mapya, mfumo wa kuokolea wakati wa dharura, z/VM inayoendesha z/OS kama mgeni: hawa ndio husahaulika, na ndio huleta maafa.

Kwenye kila mfumo, si mmoja tu, uliza:

```
D U,VOL=TUM001
D U,DASD,ONLINE,8A10,16
DS P,8A10
D M=DEV(8A10)
```

Ndani ya Sysplex, kundi la mifumo ya z/OS inayofanya kazi pamoja, unaweza kuuliza wote kwa mkupuo:

```
RO *ALL,D U,,,8A10,1
```

Amri ya ROUTE haivuki mpaka wa Sysplex. Mifumo ya nje ifuate kwa konsoli zake, au mpigie simu anayeilinda na usubiri jibu kwa maandishi.

Kama wageni wa z/VM wanashiriki diski ndogo, angalia saraka ya z/VM: hali ya kiungo iwe na herufi V mwishoni, kama MWV, ili RESERVE ya mgeni iheshimiwe. Bila hiyo V, wageni wanaandika kama vile kila mmoja yuko peke yake.

Hatua ya 2: Uambie kila mfumo kwamba diski ni ya pamoja

Kwenye HCD, chombo cha kusanidi vifaa, unapokiunganisha kifaa na mfumo wa uendeshaji, kuna kigezo cha SHARED. Kiwe Yes kwenye kila usanidi wa mfumo utakaokiona kifaa hicho. Kama kwenye mfumo mmoja kimeandikwa No, mfumo huo hautatuma RESERVE kwenda kwenye diski hata programu ikiiomba. Utaandika ukidhani umefunga mlango, kumbe mlango haupo. Nimewahi kufuatilia uharibifu wa katalogi, daftari linaloonyesha kila dataseti iko voliumu gani, kwa siku mbili na chanzo kikawa No moja kwenye skrini moja.

Baada ya kutengeneza IODF mpya, faili yenye usanidi huo, ijaribu kwanza, kisha iwashe:

```
ACTIVATE IODF=37,TEST
ACTIVATE IODF=37
```

Fanya hivyo kwa kila mfumo. Namba ya kifaa iwe moja kila mahali. Mfumo mmoja ukiita 8A10 na mwingine ukiita 9A10 kifaa kile kile, z/OS itakubali, lakini opereta wa usiku atachanganyikiwa, na opereta wa usiku ndiye utakayemtegemea.

Hatua ya 3: Andaa voliumu

Hii ndiyo hatua niliyoikosea, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Diski iwe OFFLINE kwenye mifumo yote:

```
RO *ALL,V 8A10,OFFLINE
```

Soma jibu la kila mfumo. Kama kuna uliosema bado inatumika, tafuta anayeitumia:

```
D U,,ALLOC,8A10,1
```

Mara nyingi ni CATALOG, kazi ya mfumo inayosimamia katalogi, iliyoacha VVDS wazi. `F CATALOG,VCLOSE(TUM001)` huifunga. Ukikuta jina la kazi ya mtu, usilazimishe. Mtafute mwenye kazi.

Sasa ICKDSF, programu ya kuandaa diski:

```
//ANDAA    JOB (ACCT),'ANDAA DISKI',CLASS=A,MSGCLASS=X
//HATUA1   EXEC PGM=ICKDSF
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//SYSIN    DD *
  INIT UNITADDRESS(8A10) VERIFY(SCR010) -
       VERIFYOFFLINE -
       VOLID(TUM001) -
       VTOC(0,1,89) INDEX(6,0,15) -
       STORAGEGROUP
/*
```

Vigezo viwili vya hapa ni vya kuokoa maisha. VERIFY(SCR010) inasema: endelea tu kama jina la sasa la diski ni SCR010. Umekosea namba moja ya kifaa na umeangukia diski ya mtu? Jina halitafanana, kazi itakufa bila kudhuru kitu. VERIFYOFFLINE inaikataza kazi kuendelea kama kuna mfumo mwingine unaoitumia diski hiyo. Usiku ule sikuwa na hata kimoja. Niliandika NOVERIFY kwa sababu ndivyo JCL niliyoirithi ilivyokuwa.

Diski mpya kabisa isiyo na lebo haina jina la kuthibitisha, kwa hiyo mara ya kwanza NOVERIFY haiepukiki. Mimi huipa kila diski mpya jina la muda mara tu inapofika, mchana, nikiwa na mwenzangu pembeni. Baada ya hapo NOVERIFY hairuhusiwi kwenye kazi zangu.

Kazi ikianza, konsoli itauliza kwa ujumbe ICK003D: jibu U kama unataka kubadilisha yaliyomo kwenye kifaa, au T kusitisha. Namba ya kifaa imo ndani ya ujumbe. Isome kwa sauti, tarakimu moja moja, ukilinganisha na karatasi yako. Kuna kigezo cha kuzima swali hilo. Kwa diski za pamoja usikitumie.

Hesabu ya VTOC: traki moja ya 3390 hubeba viingilio 50. Traki 89 nilizoweka zinatoa 4,450, na nimeanzia traki ya 1 ya silinda 0 ili VTOC iishe mwisho kabisa wa silinda 5, fahirisi ianze silinda 6. Usibane VTOC. Voliumu yenye nafasi tele na VTOC iliyojaa haina kazi, na kuirefusha baadaye hutegemea kama traki zinazofuata ziko wazi. STORAGEGROUP inaiandaa voliumu kwa ajili ya SMS.

Kisha iingize kwenye mifumo inayohusika na uhakikishe jina linasomeka kote:

```
RO *ALL,V 8A10,ONLINE
RO *ALL,D U,VOL=TUM001
```

Neno kuhusu nakala. Kabati la diski likitengeneza nakala kamili ya TUM001 juu ya 8A11, nakala hiyo ina jina lile lile. z/OS haikubali majina mawili yanayofanana yakiwa ONLINE kwa pamoja, na mfumo ukiwashwa upya ukazikuta zote mbili, utamuuliza opereta ni ipi ibaki nje. Akichagua vibaya, mfumo utaamka ukitumia data ya jana, na hautasema lolote. Weka nakala OFFLINE tangu kuwaka kwa mfumo, kwenye HCD, au ibadilishe jina mapema:

```
  REFORMAT UNITADDRESS(8A11) VERIFY(TUM001) VOLID(NAK001)
```

Hatua ya 4: Panga orodha za GRS

Orodha ziko kwenye GRSRNLxx ndani ya PARMLIB, maktaba ya vigezo vya mfumo. Zipo tatu: ya kujumuisha, ya kutenga na ya kugeuza. Kwa diski zinazoonwa na mifumo ya ndani ya kundi peke yake, geuza RESERVE kuwa ENQ:

```
RNLDEF RNL(CON) TYPE(GENERIC) QNAME(SYSVTOC)
RNLDEF RNL(CON) TYPE(GENERIC) QNAME(SYSIGGV2)
RNLDEF RNL(CON) TYPE(GENERIC) QNAME(SYSZVVDS)
```

SYSIGGV2 ni ya katalogi na SYSZVVDS ni ya VVDS. Hizo mbili hutembea pamoja, na mimi huzigeuza zote mbili kwa siku moja.

Kwa voliumu inayoonwa pia na mfumo wa nje, RESERVE ya kwenye diski ndiyo ulinzi pekee uliobaki. Ukiigeuza, umeuondoa. Iandike voliumu hiyo kwenye orodha ya kutenga, ambayo GRS huisoma kabla ya ile ya kugeuza:

```
RNLDEF RNL(EXCL) TYPE(SPECIFIC) QNAME(SYSVTOC) RNAME(NJE001)
```

Orodha lazima zifanane kwenye mifumo yote ya kundi. Kuzibadilisha mifumo ikiwa inaendelea hutumika `SET GRSRNL=xx`; kama kuna kazi imeshika rasilimali inayoguswa na mabadiliko, mabadiliko yatasubiri kazi hiyo iachie. Chagua saa yenye utulivu. Thibitisha kwa `D GRS,RNL=ALL`.

Je, kuna dataseti zinazotaka voliumu yao peke yake? Zipo. Dataseti za uratibu wa Sysplex zisikae kwenye voliumu yenye RESERVE za mara kwa mara, kwa sababu mfumo usipoweza kuandika hali yake kwa wakati, wenzake watadhani umekufa. Checkpoint ya JES2 (kumbukumbu ya foleni za kazi) nayo iwe mbali na msongamano.

Hatua ya 5: Ikabidhi kwa SMS

Kwenye ISMF, skrini za kusimamia SMS, ongeza voliumu kwenye kundi la hifadhi linalohusika na uweke hali yake kwa kila mfumo. Mfumo usio na njia ya kufika kwenye diski uandikwe NOTCON. Wengi huacha ENABLE kila mahali kwa uvivu, halafu dataseti mpya inaelekezwa kwenye voliumu ambayo mfumo hauioni.

Dataseti ya ACDS (usanidi wa SMS unaotumika sasa) na ile ya COMMDS (ya mawasiliano kati ya mifumo) ziwe kwenye voliumu mbili tofauti zinazofikiwa na mifumo yote ya kundi la SMS, na zote ziundwe kwa SHAREOPTIONS(3,3). Ukiwasha usanidi mpya, mifumo mingine huusoma kupitia COMMDS kwa vipindi vya INTERVAL, ambavyo kwa kawaida ni sekunde 15. Subiri, kisha:

```
D SMS,SG(TUMPROD),LISTVOL
```

Kila mfumo una safu yake. Alama ya + maana yake voliumu iko wazi kwa mfumo huo, na - maana yake imefungwa. Soma safu zote, usiishie ya kwanza.

Katalogi na maktaba za PDSE

Katalogi ya pamoja iwe na SHAREOPTIONS(3 4), na voliumu yake iwe imeandikwa SHARED. Kimoja kikikosekana, mfumo mmoja utaamini kumbukumbu yake ya zamani wakati mwingine umeshabadilisha.

PDSE, aina ya maktaba yenye faili nyingi ndani yake, ni habari nyingine, na nasema bila kupunguza: usiiandikie PDSE kutoka kwenye mifumo miwili isiyo kwenye Sysplex moja. Ndani ya Sysplex, PDSESHARING(EXTENDED) kwenye IGDSMSxx inaruhusu kushirikiana kwa usalama. Nje ya hapo, RESERVE haikuokoi, kwa sababu kila mfumo huweka sehemu ya PDSE kwenye kumbukumbu yake na kuiamini. Mfumo wa nje ukihitaji maktaba ile, mpe nakala yake. Kama unashuku imeshaharibika, programu ya IEBPDSE huikagua.

Kuhamisha data na kuondoa voliumu

Kwanza zuia wageni wapya bila kufukuza waliopo:

```
V SMS,VOL(TUM001,ALL),DISABLE,NEW
```

Kisha hamisha kwa ADRDSSU, programu ya kunakili na kuhamisha dataseti:

```
//HAMISHA  EXEC PGM=ADRDSSU
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//SYSIN    DD *
  COPY DATASET(INCLUDE(**)) -
       LOGINDYNAM(TUM001) -
       DELETE SPHERE
/*
```

Dataseti zilizo wazi hazitahama, na ripoti itazitaja. Kuna kigezo cha kuvumilia kushindwa kwa ENQ. Kwenye voliumu ya pamoja usikiweke pamoja na DELETE, kwani unaweza kuhamisha dataseti ambayo mfumo mwingine uko katikati ya kuiandika. Rudia kazi usiku, baada ya kusimamisha zile zinazohusika, hadi VTOC ibaki na VVDS na fahirisi tu. Hapo ndipo OFFLINE kila mahali, kisha uiondoe kwenye kundi la hifadhi.

Kukuza voliumu ni rahisi zaidi. Kabati nyingi hukuza diski ikiwa inatumika, na VTOC huambiwa ukubwa mpya kwa REFORMAT yenye REFVTOC. Ukiwa umewasha REFVTOC kwenye DEVSUPxx, mfumo hufanya wenyewe.

Foleni inapoganda

Dalili ya kwanza huwa ni ujumbe wa IOS071I wenye maneno START PENDING: ombi limetumwa kwenye diski na halijaanza. Ukifuatwa na IOS431I, umepata zawadi, maana ujumbe huo hutaja mfumo ulioshika diski. Kisha:

```
D GRS,DEV=8A10
D GRS,C
```

Jibu la pili linaonekana hivi:

```
ISG343I 02.42.17 GRS STATUS
S=SYSTEMS SYSVTOC  TUM001
SYSNAME   JOBNAME   ASID   TCBADDR   EXC/SHR    STATUS
SYSA      HAMISHA   0047   008D2E88  EXCLUSIVE  OWN
SYSB      MALIPO1   0052   008E1A40  EXCLUSIVE  WAIT
```

Soma kutoka kulia. OWN ndiye mwenye kufuli: kazi ya HAMISHA kwenye SYSA. MALIPO1 kwenye SYSB anasubiri. Kishawishi ni kuiua MALIPO1 kwa sababu ndiyo inayopigiwa kelele, na hapo utakuwa umemwadhibu aliyekaa kwenye foleni. Nenda SYSA, angalia HAMISHA inafanya nini. Labda inaendelea vizuri na itaachia baada ya dakika mbili. Labda yenyewe inasubiri mkanda au jibu la opereta. Foleni ikiwa ndefu na imeshikana, `D GRS,ANALYZE,BLOCKER` hukuonyesha anayezuia wengine, na `D GRS,ANALYZE,DEPENDENCY` hufuata mnyororo hadi mwanzo wake.

Kama GRS haionyeshi mtu na diski bado imeshikwa, anayeshika yuko nje ya kundi. Rudi kwenye ramani ya hatua ya kwanza.

Mfumo ukifa ukiwa ndani

SYSB umeacha kujibu. Wenzake wanataka kuutoa kwenye Sysplex ili makufuli yake yaachiwe, nawe umeandika `V XCF,SYSB,OFFLINE`. Ujumbe wa IXC102A unatokea, ukisema XCF, sehemu ya z/OS inayosimamia Sysplex, inasubiri SYSB uzimwe, na kwamba ujibu DOWN pale SYSB utakapokuwa umefanyiwa system reset.

Watu wamechoka, simu zinalia, na DOWN ni herufi nne tu. Lakini mfumo usiojibu unaweza kuwa umesimama kwa muda tu, ukiwa na maandishi ya diski ambayo hayajakamilika. Ukijibu DOWN kabla ya kuuzima kweli, wenzake watachukua makufuli yake na kuanza kuandika. Dakika moja baadaye SYSB unazinduka, unaendelea pale ulipoachia, unaandika juu ya kazi yao. Voliumu zote za pamoja ziko hatarini kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nenda HMC, konsoli ya kusimamia mashine yenyewe. Chagua LPAR ya SYSB, yaani sehemu ya mashine unamoendeshwa mfumo huo, angalia jina mara mbili, fanya System Reset. Hiyo pia ndiyo inayoachilia RESERVE zote ambazo SYSB ilikuwa imeshika. Subiri HMC ithibitishe kwamba imekamilika. Siku hizi mifumo iliyopangwa vizuri, yenye sera ya SFM (kanuni za kushughulikia mfumo ulioshindwa), huweza kumtenga mwenzao bila mkono wa mtu, na kama kituo chako bado hakijaiwasha, lidai jambo hilo. Usiku ambao bado ni kazi ya mkono wako, mwombe mwenzako asome namba ya jibu kwenye konsoli wakati wewe unatazama hali ya LPAR kwenye HMC. Mkikubaliana wote wawili kwamba SYSB imezimwa, andika:

```
R 27,DOWN
```

Halafu `D GRS,C` kwenye kila mfumo uliobaki, na `RO *ALL,D U,DASD,ONLINE,8A10,16`, ukisoma majibu yote hadi mstari wa mwisho kabla hujamruhusu mtu yeyote kuiwasha SYSB tena.